Mwongozo kwa Mwenye Maradhi ya Ini Atakaye Kujaribu Tiba za Asili

Mtu akisha kuambiwa kuwa ini lake limeingiwa na maradhi ya kudumu, haupiti muda kabla jamaa na majirani hawajamtajia mti, mzizi, mbegu au mganga wa mahali fulani ambaye, kwa kauli ya watu wasio na sababu ya kusema uongo, amekwisha waponya wengi waliokuwa na hali kama yake. Mwongozo huu haukuandikwa ili kumkemea mtu huyo, wala kuwavunjia heshima waganga wetu, ambao wengi wao ni watu wa staha na wenye elimu waliyoirithi kwa wazee. Umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyekwisha azimia kujaribu, au unayekaribia kuazimia, ili ujaribu kwa hadhari. Kwani ini halifanani na kiungo kingine chochote, maadamu kila kinywewacho, kiwe ni kidonge cha hospitali au maji ya mizizi, hufikishwa kwake kwanza, na ini lile lile lililo gonjwa ndilo litakalobebeshwa kazi ya kukipambanua na kukitoa mwilini.

Anza kwa kulijua jina la maradhi yako. Kusema kuwa unaumwa na ini hakutoshi, kwa kuwa ini huharibika kwa njia nyingi zisizohusiana: kwa virusi vya homa ya ini ya aina ya B, kwa virusi vya aina ya C, kwa pombe, kwa mafuta yanayojirundika ndani yake kwa watu wenye unene au kisukari, na kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria, kwa kichocho cha tumbo, ambacho mayai ya minyoo yake hunasa katika mishipa ya ini na kuacha makovu. Tofauti hizi zina uzito mkubwa katika shauri tulilo nalo. Mwenye virusi vya C leo anaweza kupona kabisa kwa vidonge vya muda wa wiki 12 tu, na wanaopona ni zaidi ya 90 katika kila wagonjwa 100. Mtu huyo akipoteza mwaka mzima akizunguka kwa waganga, amejidhulumu mwaka ambao makovu yaliendelea kukua. Mwenye kichocho ana dawa ya prazikwanteli inayowaua minyoo. Mwenye ini lililoharibiwa na pombe hana mzizi wowote duniani utakaomfaa kabla hajaiacha pombe yenyewe. Mwenye virusi vya B ndiye mwenye mtihani mrefu zaidi, kwa kuwa dawa yake ya kila siku, iitwayo tenofovir, huvifunga virusi visizaliane lakini aghalabu haiviondoi, na kwa sababu hiyo ndiye anayevutwa kuliko wote na kauli ya yule asemaye kwamba anayo dawa ya kuving'oa. Si kila mwenye virusi hivyo huanzishiwa dawa mara moja, na kuambiwa kurudi kupimwa kila baada ya miezi michache bila kupewa kidonge humtia mtu wasiwasi mkubwa, ilhali kule kupimwa ndiyo tiba yake kwa wakati ule.

Sasa uliza, ni kwa sababu gani watu waaminifu hushuhudia kuwa mti fulani huponya ini? Jibu lake ni hili, nami nakuomba ulisome pole pole. Manjano machoni si maradhi, bali ni dalili ya maradhi mengi, na baadhi ya maradhi hayo hupoa yenyewe. Homa ya ini ya aina ya A, iletwayo na maji au chakula kichafu, humgeuza mtu macho yakawa kama bizari, humvunja nguvu kwa wiki kadhaa, kisha huondoka na karibu haiachi kovu. Hata virusi vya B, vikimwingia mtu mzima mwenye afya kwa mara ya kwanza, mwili wake wenyewe huvishinda katika muda wa miezi 6, na hao ni zaidi ya watu 90 katika kila 100. Lau watu 100 wa namna hiyo wangemwendea mganga mmoja wakapewa maji ya gome la mwembe, watu zaidi ya 90 wangetoka na kumshuhudia, na hakuna hata mmoja wao ambaye angekuwa amesema uongo, wala mganga mwenyewe asingekuwa mwongo. Ila wewe uliye na maradhi ya kudumu, yaani yaliyokwisha pita miezi 6 bila kuondoka, si mmoja wa hao, na ushahidi wao, japo ni wa kweli, haukuhusu.

Wataalamu hawakuzidharau dawa hizi kama wengi wanavyodhani. Baruch Blumberg, tabibu wa Kimarekani aliyegundua virusi vya B katika miaka ya 1960 na kutunukiwa nishani ya Nobel mwaka 1976, alishirikiana na wanazuoni wa Madras, huko Uhindi, kuuchunguza mmea ambao matabibu wa Kihindi wameutumia kwa ini tangu zamani. Jina lake la kitaalamu ni Phyllanthus amarus, nawe bila shaka umeukanyaga mara nyingi, kwa kuwa huota wenyewe mashambani na pembezoni mwa nyumba katika nchi zote za joto, pamoja na pwani yetu. Ni mche mdogo usiofika magotini, wenye vijani vidogo vidogo vilivyopangwa pande mbili za kitawi kama vya mkwaju, na ukikipindua kitawi utaona vitunda vya kijani vya mviringo vimejipanga mstari mmoja upande wa chini. Mwaka 1988 walitangaza kuwa katika watu waliobeba virusi vya B na kupewa unga wa mmea huo kwa siku 30, watu 59 katika kila 100 waliondokewa na alama ya virusi damuni, ilhali miongoni mwa waliopewa unga usio na dawa walikuwa 4 tu katika 100. Habari hiyo iliwafurahisha watu wa mataifa mengi, na kwa haki. Lakini wengine walipourudia uchunguzi ule katika nchi nyingine, matokeo yale hayakuonekana tena, na majaribio yote yalipokusanywa na kupimwa kwa pamoja, haikupatikana ithibati ya kutosha ya kuwashauri wagonjwa kuutumia. Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndivyo dawa ya asili inavyostahili kutendewa: haikutukuzwa wala kutukanwa, bali iliwekwa mizanini pamoja na unga mtupu, na mizani ikasema.

Vivyo hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa ile dawa mashuhuri ya Ulaya iitwayo silimarini, itokanayo na mbegu za mmea wenye miiba na ua la zambarau, ambayo siku hizi huuzwa katika maduka yetu ya dawa kwa bei isiyo ndogo. Mwaka 2012 ulitangazwa uchunguzi wa huko Marekani uliowahusu wagonjwa 154 wenye virusi vya C, waliokunywa dawa hiyo kwa kipimo kikubwa kuliko cha kawaida kwa muda wa wiki 24. Hawakupata nafuu kuwashinda waliopewa vidonge vitupu. Haikuwadhuru, na hilo ni jambo la kutajwa. Basi ukiwa na fedha za ziada, na tabibu wako hana pingamizi, huenda usipate hasara ila ya mfuko. Lakini ikiwa fedha hizo ndizo za nauli ya kliniki au za kipimo cha damu, zitumie kwa kipimo. Wala usijichumie mwenyewe mbaruti wa porini ukidhani kuwa ndio mmea huo, kwa sababu ya miiba yake na majani yenye mistari myeupe: mbaruti una maua ya njano, na mafuta ya mbegu zake ni sumu inayovimbisha mwili na kuudhoofisha moyo.

Nimeitaja sumu, na hapa yafaa tukae kidogo, kwani neno linalowapoteza wengi ni lile lisemalo kuwa dawa ya mti haina madhara. Katika miaka ya 1950 matabibu wa kisiwa cha Jamaika waliona watoto wengi wakivimba matumbo na maini yao kuziba mishipa, na sababu ikaonekana kuwa ni chai za majani ya porini walizonyweshwa na wazazi wao kwa mapenzi na nia njema. Majani hayo ni ya jamaa moja na marejea, ule mmea ambao wakulima wetu huupanda kurutubisha udongo. Si kila aina yake ina sumu kwa kadiri moja, lakini sumu ikiwamo huifunga mishipa midogo ya ini kidogo kidogo, na mnywaji hahisi kitu mpaka maji yamejaa tumboni. Kule Afrika Kusini upo mzizi uitwao impila, ambao Wazulu wameutumia kwa miaka mingi, na ambao umewaua wengi kwa kuliozesha ini katika muda wa siku chache. Mafuta ya mwarobaini, ambao kwetu ni mti wa heshima, yamewadhuru vibaya watoto wadogo walionyweshwa. Hata bizari ya manjano, isiyo na neno ndani ya mchuzi au pilau, ikikamuliwa na kutiwa katika vidonge vikali pamoja na kiini cha pilipili manga ili mwili uifyonze kwa wingi, imewaletea watu homa ya ini. Chakula ni kingine, na kiini kilichokamuliwa kutoka katika chakula ni kingine.

Na sasa ile chupa yenyewe. Mara nyingi ni chupa iliyokuwa ya maji, ya lita moja na nusu, imebanduliwa karatasi yake, ndani mna maji ya rangi ya kahawia yenye masimbi chini, na mfuniko umezungushiwa mfuko wa nailoni. Huna jina la mti, huna tarehe, ila agizo moja la mdomo kuwa unywe nusu kikombe asubuhi na jioni. Kabla hujaipokea, muulize mwenyewe kwa adabu: mti huu waitwaje kwenu, ni gome, jani au mzizi, umechemshwa kwa muda gani, na umechanganywa na nini? Mwombe kitawi chake kikavu uende nacho kwa tabibu. Mganga mwenye kuijua kazi yake hataona haya kukujibu, hata akikuficha siri ya kipimo. Akikataa kabisa kutaja kilichomo, iache chupa. Katika nchi mbalimbali wakaguzi wamezikuta dawa ziitwazo za asili zikiwa zimetiwa kwa siri dawa za hospitali, hasa zile zenye kukata uvimbe na kuleta hamu ya chakula, ambazo humfanya mgonjwa ajione amepona kwa wiki mbili tatu, kumbe kwa mwenye virusi vya B huviamsha vikafumka kwa nguvu. Katika Tanzania ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalowasajili waganga na dawa zao. Uliza usajili huo, lakini fahamu kuwa cheti cha ukutani humthibitisha mtu kuwa anatambuliwa, wala hakithibitishi kuwa dawa yake huliponya ini.

Usije ukaiacha dawa ya hospitali ili kuipisha ya asili. Tunakumbuka sote mwaka 2011, watu kwa maelfu walipokwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na jinsi baadhi yao walivyoondoka hospitalini au kuziweka kando dawa zao kwa imani kuwa hawazihitaji tena. Aliye na virusi vya B akiikatiza tenofovir kwa ghafla, virusi vilivyokuwa vimefungwa huweza kurudi kwa wingi kuliko vilivyokuwa awali, na ini lenye makovu likashindwa kabisa katika miezi michache. Ikiwa mganga atakushurutisha uchague kati yake na kidonge, amekwisha kukuonyesha kuwa maisha yako hayamshughulishi.

Basi ukiazimia, jaribu hivi. Nenda kwanza ukapimwe damu, uandikiwe kiwango cha kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT, rangi ya nyongo damuni, protini ya albumini, muda wa damu kuganda, na hesabu ya chembe sahani. Uwe na karatasi hiyo nyumbani. Mwambie tabibu kwa uwazi unachotaka kunywa, na akikunja uso, mwambie tena, kwani tabibu asiyejua hawezi kukulinda. Kisha twaa dawa moja tu, usichanganye tatu kwa pamoja, kwa sababu likitokea jema au baya hutajua limetoka wapi. Andika siku uliyoanza. Baada ya wiki 4 rudi ukapimwe tena, na usijihukumu kwa kujihisi mwepesi au mzito, maana ini haliumi kwa desturi na laweza kuharibika huku mwenyewe akicheka barazani. Ikiwa ALT imepanda mara tatu ya ile ya awali, au hata kabla ya kupimwa ukaona mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, mwili unakuwasha, chakula kinakukinaisha au macho yamegeuka, iache siku hiyo hiyo, uende hospitali na chupa yako mkononi. Na ikiwa imepita miezi 3 na vipimo havikusogea, dawa hiyo imekwisha jibu.

Wapo ambao haiwapasi kujaribu hata kidogo. Mwenye maji tumboni, aliyewahi kutapika damu, anayepotewa na fahamu au kusinzia mchana na kukesha usiku, mwenye macho ya manjano yasiyoondoka, mjamzito na mtoto mdogo, hao ini lao au miili yao haina nafasi ya kukosea. Na hao ndio, kwa bahati mbaya, wanaopewa haluli na sanamaki kwa wingi ili kusafishwa tumbo. Kumharisha mwenye maji tumboni kwa nguvu humkausha damu, figo zikasimama kazi, na akili ikachanganyika. Ni kweli kuwa hospitali nazo huwapa wagonjwa hawa dawa tamu ya maji iitwayo laktulozi ili wasifunge choo, lakini hiyo hupimwa mpaka wapate choo laini mara mbili au tatu kwa siku, isizidi. Kadhalika mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irqsus, unaouzwa madukani mwa dawa za Kiarabu, huyazuia maji na chumvi mwilini, na kwa tumbo lililokwisha jaa ni kuongeza juu ya kilichozidi.

Yako mambo ya jadi ambayo sioni sababu ya kumkataza mgonjwa. Dua na kisomo humtuliza mtu, na kombe lililoandikwa kwa zafarani safi katika sahani safi halina la kulidhuru ini. Kahawa chungu isiyo na sukari, ile ya kikombe kidogo cha barazani, ina sifa ambayo wengi hawaijui: chunguzi nyingi za nchi mbalimbali zimeona kuwa wanywaji wa kahawa hupatwa na makovu na saratani ya ini kwa uchache kuliko wasioinywa. Kuumikwa, au hijama, kuna sharti lake: wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako na kutupwa baada yako, kwa kuwa wembe ulioshirikiwa ni njia mojawapo ya virusi vya B, na mwenye makovu makubwa, ambaye damu yake haigandi upesi, asiumikwe kabisa.

Chakula nacho ni tiba ambayo watu huipuuza kwa kuwa haina jina kubwa. Mwenye maji tumboni apunguze chumvi mpaka jumla yake kwa siku isipite kijiko kimoja cha chai, akihesabu na iliyomo katika mkate na papa mkavu. Asinyimwe nyama, samaki, mayai wala kunde, kama ilivyokuwa desturi ya zamani, kwa sababu ini lenye makovu huila misuli ya mwenyewe anapokaa na njaa. Ale kidogo kidogo, na ale kitu kabla ya kulala. Kwa ajili hiyo hiyo, mwenye ini lililolemewa asifunge Ramadhani kabla ya kushauriana na tabibu wake, naye sharia imemwekea mgonjwa ruhusa iliyo wazi. Chaza na kome asile wabichi. Mahindi na karanga zilizoota uvundo zitupwe, zisisagwe wala kukaangwa zikaliwa, kwani sumu ya ukungu wake haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliwaua watu 125 katika sehemu za mashariki ya Kenya, na kwa mwenye virusi vya B sumu hiyo huzidisha mno hatari ya saratani. Kichwa kikiuma, asikimbilie dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, bali amuulize tabibu kipimo cha paracetamoli kinachomfaa.

Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au jamaa zako wakiona maneno yako yanapotea, pasitafutwe mganga wala pasingojwe asubuhi.

Na ikiwa maradhi yako ni ya virusi vya B, wapeleke wapimwe mwenzio wa ndoa, watoto wako, na ndugu mliozaliwa tumbo moja, kwa kuwa aghalabu virusi hivi hupita kwa mama na kwa utoto wa nyumba moja. Wasio navyo wachanjwe mara tatu; usidhani kuwa wamekwisha chanjwa, kwani chanjo hii iliingia katika ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002, na waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata. Mke akiwa na mimba, aseme habari hii kliniki mapema, ili mtoto apate chanjo katika saa 24 za kwanza za maisha yake.